Masika ya Spika Saba

Wete, 2018

Ijumaa, 9 Machi

Daftari hili ni la kibanda. Kurasa za mbele zimejaa redio za watu: ya nani, ina ugonjwa gani, imechukuliwa lini. Za nyuma zimebaki tupu, na leo nina jambo langu mwenyewe, basi nitaliandika humu.

Soud amepiga simu kutoka Maskati. Ni kaka wa mke wangu Mize, dereva wa lori huko mwaka wa kumi na sita sasa. Amejinunulia mashine mpya ya sauti, na ile aliyokuwa akiitumia ananipa mimi. Ishapakiwa kontenani. Nikamwambia ahsante, lakini hom thieta tunayo. Akacheka mpaka akakohoa.

"Shemegi, hiyo yako ya kuangalizia katuni. Hii ni prosesa. Spika saba na sabufa. Mtu akibisha hodi kwenye filamu, utainuka ukafungue mlango wa uani!"

Mimi ni fundi wa redio na televisheni miaka thelathini na miwili, kibanda changu kiko nyuma ya soko la Wete na kila mtu anakijua. Sina haja ya kufundishwa na dereva prosesa ni kitu gani. Lakini simu ilipokatika niliweka bisibisi chini nikakaa tu, kama mtu aliyeambiwa mwanawe anarudi.

Jumamosi, 10 Machi

Nimemwambia Mize. Alikuwa upenuni anadarizi kofia.

"Itapiga kelele?"

"Itapiga mpaka Mtambwe wasikie."

"Mie sitaki kelele, babake Moza. Nataka niwasikie watu wanavyosema."

Maneno hayo ndiyo yanayonitia wasiwasi. Kuna tamthilia ya Kituruki, imetiwa sauti za Kiswahili, tunaiangalia kila siku baada ya Isha. Mwaka mzima huu Mize analalamika kwamba watu wa humo wananong'ona. Kila baada ya dakika anauliza, "Nani huyo aliyesema?" Ni kweli hom thieta yetu imekufa spika ya kati, na hiyo ndiyo inayobeba maneno. Lakini mimi nawasikia. Naogopa masikio yake yameanza kuchoka. Ana miaka hamsini na mitatu. Macho alhamdulillahi hayana neno, uzi anautunga sindanoni mara moja, na kofia zake zinaagizwa mpaka Unguja.

Habari ya masikio sijamwambia. Mambo kama haya yanataka adabu.

Jumatatu, 12 Machi

Mvua ya kwanza ya masika. Nyumba yetu ni ya mabati na ukumbini hakuna dari. Tamthilia tumeiona, hatukusikia hata neno.

Alhamisi, 15 Machi

Mvua.

Ikifika saa kumi na moja jioni Mize anavaa buibui anakwenda kwa mdogo wake Mwanaasha, nyumba ya tatu kutoka hapa. Nusu saa, anarudi. Kila siku ya Mungu. Leo kaenda maji yanamwagika kama ya ndoo. Nilimuuliza wana nini wale. Akasema, "Mazungumzo ya kike." Mwanaasha ni mjane, watoto wake wameshakua, hana la kufanya jioni, basi anamtoa mwenzake nyumbani kwake. Sipendi.

Barazani leo Hija, yule seremala, katwambia anaongeza mke. Tumemtania sana. Mimi nikasema itabidi na mimi nitafute msaidizi, maana wangu jioni hapatikani. Walicheka wote. Nilipofika nyumbani nikamsimulia Mize naye acheke. Hakucheka, aliendelea kukunja nguo. Hakunisikia vizuri, nadhani.

Jumapili, 18 Machi

Mvua. Kibandani wateja wawili, wote redio zimeingia maji.

Jumatano, 21 Machi

Imefika! Katoni mbili, na ndani yake bado imo harufu ya udi ya nyumba ya Soud.

Nieleze, nikiisoma siku nyengine nikumbuke furaha hii. Hom thieta ya zamani ni boksi moja linalofanya kila kitu, na kila kitu linakifanya vibaya kidogo. Prosesa haina nguvu ya kusukuma spika hata moja. Kazi yake ni kupokea sauti, kuitafuna, na kuamua: hii ya mlango iende nyuma kushoto, hii ya maneno ibaki kati, hii ya ngurumo iende kwenye sabufa. Nguvu inatoka kwenye amplifaya pembeni, na mimi amplifaya ninazo mbili, zile nilizokuwa nikikodisha kwenye maharusi.

Mize kaigusa kwa viganja vyote viwili, juu na ubavuni, polepole, kama mtu anayekagua kitambaa. "Nzito," akasema. "Soud hajambo?" Basi.

Jumamosi, 24 Machi

Spika nne za zamani nzima, tatu nimetoa kwenye vyombo vya harusi. Mbili za mbele, ya kati chini ya televisheni, mbili ubavuni, mbili nyuma juu ya vigoda. Waya wa nyuma nimeulaza sakafuni, unapita chini ya mkeka kisha unakatiza njia ya kwenda jikoni. Ukuta umelowa, msumari haushiki. Nitaupandisha mvua ikipungua.

Jumanne, 27 Machi

Prosesa ina maiki yake ndogo, kama kizibo cha chupa. Unaiweka pahala anapokaa msikilizaji, kisha mashine inapiga mlio kwenye spika moja baada ya moja na kupima: hii iko mbali, hii iko karibu, hii ipunguzwe. Baada ya hapo sauti zote zinakutana pale palipokuwa na maiki. Lakini inataka kimya, na mabati haya hayana kimya. Mara tatu imeniandikia kwamba kelele imezidi.

Jumatano, 28 Machi

Mvua. Kelele imezidi.

Alhamisi, 29 Machi

Mvua, na umeme hakuna.

Ijumaa, 30 Machi

Baada ya sala ya Ijumaa mbingu ilifunguka saa nzima. Nimekimbia nyumbani kanzu nimeishika mkononi. Maiki juu ya mgongo wa kiti changu, milango yote nimefunga, Mize nimemwambia asiguse hata kijiko. Imepima! Imekubali!

Baada ya Isha tumekaa, mimi kitini, yeye kwenye mkeka wake karibu na mlango wa jikoni, pahala pake siku zote. Wallahi sijapata kusikia kitu kama kile. Farasi alitoka nyuma ya bega langu akapita sikioni akaingia kwenye televisheni. Nilipiga kelele kama mtoto.

Nikamgeukia Mize. Alikuwa ameangalia chini. Aliuliza mara mbili nani anasema, kisha akainuka, akasema kichwa kinamgonga, akaenda kulala.

Nimeumia, sitaficha.

Jumapili, 1 Aprili

Tumegombana. Nimemwambia nafanya yote haya kwa ajili yake, na yeye hata dakika kumi hakai na mimi, lakini kwa Mwanaasha miguu haimwumi. Akasema, "Haya, bwana." Nikasema kuanzia leo saa kumi na moja akae nyumbani kwake. Alisimama kidogo, mkono umeshika ukuta.

"Hata nusu saa?"

"Hata dakika."

"Haya."

Kesho nitamwambia na Mwanaasha.

Jumatatu, 2 Aprili

Nimemwambia. Nilimkuta mlangoni kwake anachambua mchicha. "Shemegi," nikasema, "mwache dada yako jioni akae kwake." Aliniangalia, mchicha mkononi. Kisha akasema, "Umeshamwambia mwenyewe?" Nikasema nimeshamwambia. "Basi sawa, shemegi." Akaingia ndani, mchicha kauacha nje.

Jumatano, 4 Aprili

Mvua. Mize yumo nyumbani jioni. Kimya.

Ijumaa, 6 Aprili

Mvua. Kimya.

Jumamosi, 7 Aprili

Sijui nianze wapi. Hapa nilipo ni kwenye benchi la hospitali, daftari nimelikuta mkobani pamoja na bisibisi.

Baada ya Alasiri nilikuwa ukumbini nageuza geuza spika za nyuma. Nilikuwa nimeinua waya kidogo kutoka chini ya mkeka ili niunganishe upya, ukawa umeinuka juu ya sakafu, kimo cha vidole vitatu. Mize akatoka jikoni na birika la chai. Kila siku anapita njia hiyo. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake, hatua mbili tu. Nilimwona anakuja, na sikusema kitu, kwa sababu waya ulikuwa mwekundu, juu ya sakafu ya saruji, mchana, mbele ya miguu yake.

Alijikwaa. Birika likaruka, chai ikammwagikia mkono wa kushoto kutoka kiwiko mpaka vidoleni, na yeye akaanguka juu ya kigoda cha spika. Spika ikaanguka nayo. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitazama spika kwanza.

Nikapiga kelele, "We mwanamke! Huoni?"

Alikuwa amekaa chini, mkono kauinua juu, mvuke unatoka. Hakulia. Akasema taratibu, kama anayejibu salamu:

"Sioni, Mbarouk."

Miaka thelathini hajaniita jina langu. Ni babake Moza, ni bwana, ni wewe. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikachutama. Nikamwambia mbona unanitazama sasa hivi, mbona sindano unaitunga. Akasema, "Nakuona pua na mdomo. Mabega yako siyaoni. Nikitazama mbele naona kama nimechungulia kwenye bomba. Kilicho chini sikioni, kilicho pembeni sikioni. Sindano naiona kwa sababu naishika mbele ya uso."

"Tangu lini?"

"Jicho la kushoto, mwaka wa tatu. La kulia, mwaka jana."

Nikachota maji nikammwagia mkononi, nikaendelea kumwagia mpaka mtungi ukaisha, kwa sababu sikujua jambo jengine la kufanya. Maji yalikuwa yanaingia kwenye amplifaya. Nilichomoa plagi kwa mguu.

Njiani kuja hapa nikamuuliza tena, na tamthilia je? Akasema, "Kioo kikubwa, mie naona kipande. Nikimwona mmoja simwoni mwenziwe. Basi nategemea sauti nijue nani anasema na kasimama wapi. Ndio maana nakuuliza."

Mimi nilikuwa namtibu masikio.

Wameshamfunga bendeji. Wanasema mkono utapona. Anatoka sasa, namsikia anamshukuru muuguzi.

Jumapili, 8 Aprili

Nimekwenda kwa Mwanaasha asubuhi. Sikupiga hodi ya kelele. Alinifungulia, akaona uso wangu, akasema, "Kakwambia."

Nilikwenda na hasira. Nilitaka kumuuliza kwa nini alinificha, mimi mume wake. Akaniacha niseme mpaka nikamaliza. Kisha akafungua friji yake, akatoa kichupa kidogo kama cha manukato.

"Hii dawa ya matone. Inatiwa mara moja kila jioni, na ikikaa kwenye joto inaharibika. Mwaka jana walikuja wapimaji wa macho skuli, nikamtoa kwa nguvu, wakamwambia ana presha ya macho. Kasema dawa ikae kwangu. Kila jioni mie nikimtia, anakaa dakika ishirini kafumba macho, anarudi kwako."

Nikahesabu siku. Jumapili mpaka Jumamosi. Siku saba jicho hilo limekaa bila dawa, kwa amri yangu.

"Ningekuwa nimejua..."

"Ulimuuliza, shemegi? Hata siku moja?"

Nikamuuliza sasa yeye, kwa nini Mize alinificha. Akakaa kitako kwenye mkeka.

"Wewe mama yetu hukumkuta. Ulipokuja kuposa kwetu Mtambile alikuwa ameshakufa, na watu walikwambia alikuwa mgonjwa. Mama alipofuka. Ugonjwa huu huu, nadhani, wakati ule nani alijua? Baba alimwapia kwamba hatamwacha, na kweli hakumwacha. Alioa. Mke mpya akaja nyumba ile ile. Mama akawa anapewa chakula mwisho, anakaa kwenye kona ya ukumbi, watu wanazungumza juu ya kichwa chake kama hayupo. Mize alikuwa na miaka kumi na minne, ndiye aliyekuwa akimwongoza. Mimi mdogo, yeye anakumbuka yote."

Kisha akasema, bila kuniangalia, "Mwezi uliopita alikuja hapa akasema umeanza kuzungumza habari ya msaidizi."

Nimetoka pale siwezi kuwaangalia watu njiani.

Jumatatu, 9 Aprili

Nimekaa naye upenuni. Mvua ilikuwa nyepesi. Nimemwambia, "Mize, yale ya barazani yalikuwa utani. Mimi siongezi mke. Nakuapia."

"Usiape," akasema. "Baba naye aliapa."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekuzuia usikanyage pahala pabovu. Nilikwenda kwa Mwanaasha nikachukua kichupa, nikakitia kwenye friji yetu nyuma ya maziwa. Saa kumi na moja nikamwambia alaze kichwa. Tone la kwanza limeangukia shavuni, la pili puani. La tatu limeingia. Alicheka kidogo. "Mwanaasha hukosa mara moja tu," akasema.

Jumanne, 10 Aprili

Tumekwenda Chake kwa daktari wa macho. Amempima nusu saa nzima, kisha akatuita wote wawili. Kasema kilichokwisha kupotea hakirudi, asitudanganye. Jicho la kushoto limebakiwa na kidogo sana. La kulia linaweza kuokolewa hapo lilipo, lakini dawa peke yake haitoshi, linataka upasuaji wa kushusha presha, na ufanywe Unguja. "Mwaka jana, tulipokuja kupima skuli kwenu, niliandika hivyo hivyo kwenye karatasi yake," akasema. "Nilimwambia aje na mume wake."

Mize alikuwa anatazama magoti yake. Mimi pia.

Alhamisi, 12 Aprili

Nimefungua prosesa yote, nimeirudisha kwenye katoni. Nilitaka kumpa mtu wa Chake anayeitaka, isikae machoni pangu. Mize kasikia sauti ya utepe wa gundi ninaofungia katoni.

"Wafanyani?"

"Naiondoa."

"Nani kakwambia uiondoe?"

Nikasema imekuunguza mkono. Akasema, "Uliyeniunguza ni wewe na waya wako. Mashine yenyewe ina kosa gani?" Kisha akasema jambo ambalo nimelifikiri mpaka sasa: "Siku ile ya kwanza, wewe ulimsikia farasi. Mie pale mkekani nilisikia zogo tu, kila kitu kimeelekea kwako. Nikajua hata hii haitanifaa. Ndio nikainuka."

Maiki niliiweka kwenye kiti changu. Haikunipitikia kuiweka pengine.

Jumatatu, 16 Aprili

Tuko Unguja, kwa binamu yangu Nyange. Binti yetu Moza amekuja kutoka Tanga. Kamkumbatia mama yake, mimi kanipa mkono tu. Nimestahili.

Jumatano, 18 Aprili

Kesho.

Nimempelekea chai kitandani. Kaniambia anaogopa. Sikuapa wala sikumwambia usiogope. Nimekaa.

Alhamisi, 19 Aprili

Wamemwingiza saa mbili asubuhi, katoka saa nne. Jicho limefungwa pamba na kigao cha plastiki. Lile jengine halimsaidii kitu, kwa hiyo mpaka kesho haoni kabisa.

Alikuwa kalala chali, akageuza kichwa. "Nani kasimama pale?"

"Moza, mlangoni."

"Si mlangoni. Dirishani. Mlangoni ni muuguzi, viatu vyake vinalia."

Nikageuka. Ni kweli.

Ijumaa, 20 Aprili

Wamefungua pamba. Kaona vidole vya daktari, kaona uso wa Moza. Nilitoka nje nikalia nyuma ya gari la mtu.

Alhamisi, 26 Aprili

Presha imeshuka. Daktari kafurahi, lakini kasema isichezewe, matone mapya mara nne kwa siku. Ninatia mimi. Sikosi tena.

Moza kaniuliza, "Baba, utaweza kupika?" Nimemwambia nitajifunza. Alipoondoka kwenda Tanga leo amenibusu mkono.

Jumamosi, 28 Aprili

Tumerudi Wete. Mvua. Wali wangu umeungua chini na mbichi juu. Mize kala, kasema nimepata kupika mbaya zaidi ya huu, akanikumbusha mwaka alipolala na homa, Moza yumo tumboni.

Jumanne, 1 Mei

Nimemwita Hija seremala. Nilimkuta hana raha, wake zake wawili hawasemi naye. Tumepiga dari ya mbao nyembamba ukumbini kote, na juu yake tumejaza magunia yaliyofumuliwa. Mvua ilipokuja jioni tulisimama chini tukasikiliza. Imekuwa kama mvua ya nyumba ya jirani.

Jumamosi, 5 Mei

Nyaya zote zimepita juu ya dari. Sakafuni hakuna hata uzi. Vigoda nimeviondoa, spika za nyuma ziko ukutani juu ya kichwa. Mize kapita mara tatu kutoka jikoni mpaka mlango wa mbele, mikono kaiachia. Mara ya nne kapita kwa haraka, makusudi, akiniangalia.

Jumatatu, 7 Mei

Leo nimepima. Nimemwambia Mize akae mkekani pake kama kawaida, kisha ainuke polepole, na pale pale kilipokuwa kichwa chake nimeweka maiki, juu ya kopo la maziwa na vitabu viwili. Prosesa imesema spika ya kulia iko karibu mno na ya kushoto mbali mno, ikajirekebisha yenyewe. Halafu nimeongeza ile ya kati, ya maneno, kidogo kidogo kwa rimoti, yeye akiniambia.

"Ongeza. Ongeza. Hapo. Rudisha kidogo. Hapo hapo."

Niliisikiliza kutoka kitini kwangu. Zogo tupu.

Alhamisi, 10 Mei

Daktari wa Chake kampima. Presha imekaa palepale ilipotakiwa. Kasema tuonane baada ya Idi.

Jumatatu, 14 Mei

Ramadhani imebakiwa na siku mbili tatu, na tamthilia itafungwa mpaka Idi. Mize kasema waje wanawake wa mtaa waitazame leo, na yeye mwenyewe ndiye aliyewaalika. Amekuja Mwanaasha, amekuja Bi Mwatima wa nyumba ya pili na binti zake wawili. Mimi nimepika chai ya maziwa na mkate wa kumimina. Mkate umekubali.

Kabla ya kuanza ulifika wakati wa dawa. Nilimwita kando, nikidhani atataka tuingie chumbani. "Hapa hapa," akasema, akalaza kichwa nyuma mbele ya wote. Bi Mwatima kauliza kuna nini. Mize akamjibu, jicho limefumbwa, "Presha ya macho, mwenzangu. La kushoto limekwenda, hili nalilinda. Na wewe kapime, na wasichana wako pia." Mwanaasha aligeuza uso upande wa ukuta akajifuta kwa ncha ya kanga.

Ikaanza. Ni habari ya ndugu watatu wanaogombea shamba la zeituni, na mama yao wa kambo waliyedhani amekufa. Mvua ilikuwa inanyesha, na tulisikia kila neno. Mimi nilikuwa naingia na kutoka na vikombe. Wale ndugu walikuwa wanagombana katikati ya kioo, wanapayuka, na wanawake wote wamewakodolea macho. Mize peke yake akageuza kichwa, nyuma, upande wa kushoto, kwenye ukuta mtupu.

"Kaja," akasema.

"Nani kaja?" Bi Mwatima akauliza. "Mbona simwoni?"

"Yule mama wa kambo. Anapanda ngazi. Huyo, anachechemea."

"Mwanamke alikufa yule!"

"Hakufa. Nyamaza, umsikie."

Tukanyamaza wote. Na kweli, nyuma yetu, mguu mmoja mzito na mmoja mwepesi, ngazi kwa ngazi. Kisha picha ikageuka, mlango ukafunguka, na mama wa kambo akasimama pale mzima na mkongojo wake. Binti za Bi Mwatima walipiga ukelele. Mwanaasha akampiga dada yake begani. Mize alikuwa anacheka, uso juu, na mimi nimesimama na sinia nimesahau kuwapa watu chai.

"Babake Moza," akasema, bila kugeuka.

"Labeka."

"Ondoka hapo ulipo. Umesimama mbele ya spika, wanizibia."

Nikaangalia. Bega langu lilikuwa limeikinga spika ya ubavuni. Nikaweka sinia chini, nikauliza nikae wapi. Alisogea, akapapasa mkeka kwa mkono wenye kovu, akanionyesha pahala ubavuni pake. Nikakaa, na kuanzia pale nikasikia anachosikia.